Dakika Moja ya Saa Mbili

Saa mbili kamili asubuhi, kahawa haijachemka bado,
sauti ya mke wangu hukauka.
Humkuta katikati ya neno. Leo lilikuwa chumvi:
chu, kwa sauti yake;
mvi, kwa sauti ya mtu aliyemeza kokoto.
Nanyamaza, natazama saa ya ukutani.
Dakika moja. Kisha anarudi
na kumalizia alichokuwa akinilaumu.

Kipo kidude shingoni mwake, kushoto, chini ya ngozi,
hakizidi punje ya haragwe.
Kimeikumbatia neva ishukayo kutoka ubongoni
hadi moyoni, hadi tumboni, hadi bandamani,
ambako, asema daktari, askari wa mwili hupewa amri.
Wa kwake waliasi.
Miaka kumi na mmoja waliviandama vifundo vya vidole vyake
kama kwamba vidole ndivyo wavamizi.

Na vidole vile vilikuwa vinajulikana Castelfidardo nzima.
Hapa kilimani tunaunda kodiani.
Mimi, Duilio, nilikuwa mtu wa gundi na ngozi, mtu wa mivukuto;
Nazzarena ndiye mwenye sikio.
Ndimi za chuma, mia nne na zaidi kwa kodiani moja,
na kila ulimi aliukwangua kwa tupa:
nchani, sauti ikapanda,
shinani, ikashuka,
unywele mmoja ukizidi, umeharibu kazi ya siku.

Tupa ikaanza kumponyoka.
Mikono ikaumuka kama unga uliotiwa hamira.
Sindano. Vidonge. Dawa iliyoziacha nywele zake kwenye mto.
Nikajifunza kumfunga vifungo vya blauzi,
mimi ambaye vyangu hupishana hadi leo.

Daktari Ombretta, binti mdogo wa hospitali ya Ancona,
alichora neva nyuma ya risiti ya duka la dawa.
"Dawa hatuongezi, mama. Tutasema na neva."
"Kwa lugha gani?"
"Umeme. Haba tu, dakika moja kwa siku."
Nazzarena akaukagua mchoro kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.
"Kumbe mnataka kunitia ulimi," akasema,
akatia sahihi, kalamu ameibana kwa ngumi.

Niliogopa mimi. Usiku nililaza sikio karibu na shingo yake
nisikie kama kinavuma. Hakivumi.
Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya,
isipokuwa ile kokoto ya saa mbili,
na kola ya kuchaji anayoivaa kila Jumamosi,
kama punda aliyepambwa kwa sikukuu,
nami nimekatazwa kucheka, nami nacheka.

Wa tatu, asubuhi moja, nikanyoosha mkono kwenye blauzi
nikakuta imefungwa. Yote, hadi kooni.
Hakusema kitu. Alikuwa akimenya kitunguu.
Nilifurahi, Mungu anajua.
Na nikae kimya kwa nini: kitu kingine pia kilinipita,
vidole vyangu vikining'inia hapo hewani,
vimeachishwa kazi bila barua.

Kidole cha mwisho kimebaki kimepinda. Siku za mvua analalamika.
Lakini tupa imetoka ndani ya kitambaa,
na juzi saa mbili ilimkuta mezani, ulimi wa besi mkononi.
Alikuwa akiufuatisha kwa mdomo uliofumba.
Kokoto ikaingia, sauti ikazama,
naye hakuacha: akazama nayo,
akasikiliza, akakunja uso.
"Iko chini kidogo," akakwaruza. "Inataka tupa nchani."
Sikuuliza kama ni ya kodiani au ya shingo.

Haya, saa mbili na dakika moja.
Chumvi, Duilio, chumvi, nimesema mara ngapi.
Natia. Inazidi.